Karatasi Iliyokuwa Ukutani

...na hapo ndipo pa kuandika, kisanduku cheupe, kistari kinawaka na kuzima, na Haron amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, anasema, Phanice, kompyuta haikukosea, ilifuata ulichoandika, nami natikisa kichwa, uliandika itume ujumbe wa kusimamisha kuchuma lori likiwa na shida, mkulima mmoja, mzee Nyabuto, akauliza kama lori litachelewa, ikaona hiyo ni shida, ikaambia wakulima wote wa Ikonge wasichume majani ya chai leo, shukuru Mungu ni majaribio, wangekuja hapa Keroka kutuchuma sisi, anacheka, nami nacheka kidogo, ni binamu yangu, ndiye aliyenipa kiti hiki wakati hakuna mwingine angempa kazi msichana aliyeachia shule kidato cha tatu... wewe ungempigia dereva, anasema, lakini hii akili ya kompyuta haina dereva wala jirani wa kuuliza, ina maneno yako tu, kila kifaa unachoipa, kama huo wa kutuma ujumbe, andika kinafanya nini, kitumike lini, na lini kisitumike, hiyo ya mwisho ndiyo watu husahau... lini kisitumike, na mikono yangu inasimama juu ya vibonye, kwa sababu ile karatasi ilikuwa ya daftari la hesabu, yenye miraba, niliibandika ukutani kwa uji mzito siku ya kurudi shule, herufi kubwa kwa ajili ya macho ya mama mdogo Tryphosa, MPE MAMA KIDONGE KIMOJA KILA ASUBUHI SAA MOJA, nikarudi nyuma hatua mbili kuutazama mwandiko wangu, nikaridhika... nesi alikuwa ameniambia mlangoni pa kliniki, awe amekula kwanza, hii dawa ya kisukari haitaki tumbo tupu, nilisikia, nilijua, nilijua vizuri mno hata sikuona haja ya kuandika, nani kwetu huamka asinywe chai na viazi... halafu ikaja Sabato ya kufunga na kuomba, kanisa zima, na mama hakutaka kubaki nyuma ya wenzake, hakuonja kitu, na mama mdogo akatazama ukuta, akampa kidonge kimoja, saa moja, pamoja na maji kidogo, kama nilivyoandika. Unaandika ama unalala, Haron anauliza. Naandika... saa tano, kanisani, mama alianza kutoka jasho, akawa anaita watu waliokufa zamani, wakasema ni uchovu wa kufunga, wakamlaza kwenye benchi la nyuma, wakaendelea na wimbo, na mimi nilikuwa shule, nikioshwa na mvua kwenye foleni ya chakula, nina njaa ya kawaida tu... na kwenye matanga ya mama mjomba Ombui akasema mbele ya watu wote, Tryphosa, mtu mzima kama wewe hujui mgonjwa hula kwanza, na mama mdogo akanigeukia mimi, akasema polepole, nilifuata karatasi, mwanangu, nami nikatazama viatu vyangu, kwa sababu ukuta ulikuwa mtupu, nilikuwa nimeshaibandua asubuhi hiyo, imo ndani ya kitabu changu cha nyimbo mpaka leo, na mwaka mzima nimeacha wamwite muuaji wa dada yake, nimekubali wasile chakula chake, nikajiambia kwamba anatafuta kisingizio... hakuwa anatafuta kisingizio. Alikuwa ananieleza kilichotokea. Alisoma kila neno langu na akaliamini, na lile ambalo halikuwepo angelisoma wapi... vidole vinaandika sasa, tumia pale tu ofisi ya magari imethibitisha kwamba lori halitakuja kabisa leo, usitumie kama limechelewa, usitumie kwa sababu mkulima ameuliza swali, kama huna hakika usitume chochote, uliza kwanza, na Haron anainama kusoma, ehe, anasema, sasa hata mgeni ataelewa, anapuliza chai yake, bado ni ya moto, kistari bado kinawaka na kuzima mwisho wa mstari, na leo ni Ijumaa, kesho watakuwa kanisani wote, mjomba Ombui mbele na Tryphosa peke yake kwenye lile benchi la nyuma, nitakwenda na kitabu changu cha nyimbo, nitasimama, nitaisoma ile karatasi yote kwa sauti, ni fupi sana, haimalizi hata pumzi moja.