Mkono wa Kulia wa Kincső

Mkono wa kulia wa Kincső ulikuja duniani umefumbwa. Ndivyo bibi yake, Bi Borbála, alivyowaambia watu kwa miaka kumi na mitatu kila walipouliza, na hakuongeza neno. Ngumi ndogo, kiwiko kimejikunja, kiganja kimegeukia ndani kama cha mtoto anayeficha peremende. Mama yake Kincső alikuwa Austria akitunza wazee wa watu, na nyumbani pale kijijini walibaki wawili tu, bibi mjane na mjukuu wake.

Mwezi wa nne, Ágota, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule mjini, aliiweka kando mipira yake ya kufinya.

"Mtoto amechoka na haya mambo. Hata mimi ningechoka," alisema. "Mtafutieni ala ya muziki. Iwe ya mikono miwili."

"Sitera," alisema Kincső, kabla bibi yake hajafungua kinywa.

Kila Jumatano aliwasikia wanawake saba wa kikundi cha muziki cha Bwana Gáspár wakipiga katika ukumbi wa kijiji. Walikaa wakaizunguka meza moja, kila mmoja na sitera yake, ubao mrefu wa nyuzi, umelala mbele yake. Mkono wa kushoto hukandamiza nyuzi. Wa kulia hushika unyoya mgumu wa bata bukini na kuchapa, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na nguvu yote hutoka kwenye kifundo cha mkono. Ágota aliposikia habari ya kifundo alipiga meza kwa furaha.

"Hiyo hiyo! Nusu saa kila siku. Na unyoya aushike mwenyewe."

Sitera ya marehemu mume wa Bi Borbála ilikuwepo juu ya kabati. Waliishusha, wakaifuta vumbi, wakaanza. Wiki ya kwanza unyoya ulianguka mara zisizo na idadi, na kila ulipoanguka bibi aliinama akauokota. Wiki ya pili Kincső alilia bila sauti, machozi yakidondokea nyuzi. Bi Borbála angeweza kuvumilia kelele, si kile kilio cha kimya. Alivuta kiti akakaa upande wa kulia wa mtoto.

"Wewe kandamiza, mimi nitachapa. Leo tu."

Leo tu ikawa wiki, wiki ikawa miezi. Vidole vya mkono wa kushoto wa mtoto vilikuwa vyepesi, na wimbo wa mavuno ya zabibu ukatoka mtamu hadi jirani akafungua dirisha. Jumapili jioni mama alipopiga simu ya picha, waliiegemeza kwenye bakuli la sukari, uso wa Kincső ukaonekana, na bibi akajibana pembeni, nje ya picha, akichapa. Mama alilia kwa furaha kule Austria. Jumapili iliyofuata Bi Borbála alipiga magoti kanisani, akasali sala zote alizozijua, akajikuta anamkwepa Mungu kama mtu anayemkwepa mwenye nyumba.

Mwezi wa tisa Ágota alikipima kifundo. Akapima tena.

"Hakijafunguka hata kidogo. Anapiga kweli?"

Kincső aliutazama ukuta. Bi Borbála aliweka mkoba chini.

"Mkono wa kulia nimepiga mimi," alisema.

Ágota alikitazama kifundo cha bibi. "Basi wewe kifundo chako kitakuwa kizuri sana, Mama." Kisha akasogeza kiti. "Nisikilizeni wote wawili. Mtoto anarefuka. Mfupa unakwenda mbio na msuli unabaki nyuma. Tukiupoteza mwaka huu, mkono utajifunga zaidi, na kuufungua baadaye itakuwa kazi ya kisu cha daktari. Sijaja kuwatisha."

Walirudi nyumbani. Walipofika mlangoni ndipo Kincső aliposema, "Bibi, usiniokotee tena."

"Hata ukilia?"

"Nitalia. Wewe menya viazi."

Basi akamenya viazi. Kila siku saa kumi alikaa ng'ambo ya meza na kisu na beseni, ili mikono yake isikose kazi, na moyoni akisali rozari bila kuishika. Unyoya ulianguka. Mtoto aliinama, ngumi ikaparua sakafu kama kucha za kuku, mara nyingine dakika tatu nzima. Bibi alitazama kiazi. Walikula viazi vya kuchemsha, vya kukaanga, supu ya viazi na paprika, ile pilipili nyekundu isiyowasha, mpaka Kincső akasema, "Nikichelewa kujifunza tutakufa kwa viazi."

Mwishoni mwa mwezi wa kumi kidole gumba kiliachana na vingine, upana wa unyoya. Siku hiyo hiyo Kincső alikwenda kwa Bwana Gáspár na kuomba kiti kwa ajili ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, kijiji kinapokula bata bukini.

"Mezani kwangu mtu anapiga kwa mikono yake miwili," alisema mzee. "Sina huruma. Nikianza na wewe itabidi nimhurumie na Terka."

"Mimi unanihurumia tangu mwaka juzi," alisema Bi Terka, mmoja wa wale wanawake saba, akikaza uzi wake. "Ndiyo maana bado nipo."

"Njoo Jumatano. Wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho."

Jumatano Bi Borbála alikaa ukutani. Hakuja na viazi; alikalia mikono yake. Gáspár aliinua kidevu, nyoya nane zikashuka pamoja. Ubeti wa kwanza Kincső alikuwemo. Katikati ya wa pili unyoya ulimponyoka, ukateleza mpaka chini ya kiti cha Terka. Terka alianza kuinama.

"Mwache," alisema Bi Borbála kutoka ukutani, na sauti yake mwenyewe ilimshtua.

Wanawake waliendelea kupiga. Kincső alishuka chini ya meza. Ubeti wa tatu ukapita, wa nne ukapita, alipotokea nywele zimemfunika macho na unyoya umebanwa, wimbo ulikuwa umekwisha.

"Haikuwa mwanzo hadi mwisho," alisema Gáspár.

"Ndiyo," alisema Kincső. "Tena."

"Mkate na vitunguu vinatungoja, mtoto."

"Tena, Babu Gáspár."

"Mpe," alisema Terka. "Vitunguu havikimbii."

Walipiga tena. Safari hii hakujaribu kwenda na kurudi. Alichapa la kwenda tu, pigo la kwanza la kila fungu la mapigo, akaacha mengine yapite, akachapa tena la kwanza, meno yameuma mdomo. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulipoisha unyoya ulikuwa bado mkononi.

Gáspár alijikuna shingo. "Hiyo ni ngoma, si sitera."

"Hatujawahi kuwa na ngoma," alisema Terka.

"Sikukuu utapiga nyimbo mbili," alisema mzee mwishowe. "Za polepole. Za haraka utakaa umekunja mikono."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mkono wako urudi, maana sasa unakwenda tu."

Kincső aliutazama mkono wake, akaushusha unyoya kwenye nyuzi, akaanza kuusukuma upande wa pili, ule wa kurudi. Wengine walikuwa wamekwisha kusimama kufuata mkate. Bi Borbála alibaki kitini ukutani, akamngoja.