Turbo Iliyojaribiwa Kanja

Kaka yangu Kivuti alileta turbo nyumbani Kiritiri ikiwa imefungwa kwa gunia, kama mtu anayeleta nyama ya Krismasi. Aliiweka juu ya meza ya jikoni, akafungua gunia mbele ya Mama, kisha akazungusha kifeni chake kwa kidole. Ilikuwa kuukuu, imetolewa kwenye gari dogo la Kijapani lililovunjwa vipuri huko Nairobi, na aliyemuuzia alitaka tu kuiondoa dukani.

"Hii ikiingia kwa Corolla," alisema, "hakuna mtu atanipita tena hadi Embu."

Mama alinigeukia. "Kawira, wewe ndiye umesomea magari. Ni kweli?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Mama yetu, Celina, anaishi kwa muguka, majani ya kutafuna kama miraa. Majani huchumwa asubuhi, hupakiwa kwenye magunia yaliyoloweshwa maji, na lazima yafike Embu kabla gari la mnunuzi halijaondoka saa nane mchana. Jani likilala, linanyauka, na hakuna anayelitaka. Mwezi huo Kivuti alikuwa amechelewa mara tatu, akapitwa kwenye miinuko na magari ya Probox ya vijana waliokuwa wakimpigia honi na kumcheka. Lile Corolla, alilotuachia marehemu baba, ndilo lilikuwa njia pekee ya Mama kufika sokoni. Likifa, shamba lote lingebaki majani ya kulishia mbuzi, na mbuzi wenyewe Mama aliwauza nilipoingia chuo cha ufundi kule Meru.

"Inawezekana," nilisema. "Lakini..."

Nina shida na neno hilo. Nikilifikia, sauti yangu hushuka, na watu huchukua kile kilichotangulia wakaenda nacho.

Hata hivyo nilijaribu kueleza. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa zaidi ndani. Hewa zaidi inataka petroli zaidi. Gari letu ni la mwaka wa tisini na nane, la injection. Lina kompyuta inayopima hewa na kuamua petroli ya kunyunyiza. Lakini kompyuta hiyo ilitengenezewa hewa ya kuvutwa, si ya kusukumwa. Ukisukuma kupita kiasi, haioni. Petroli haiongezeki, na moto wa ndani unakuwa mkali hadi unayeyusha pistoni. Kufanya kazi hiyo vizuri kunahitaji nozeli kubwa, kompyuta nyingine, na rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia.

"Sasa umeanza maneno ya kolegi," Kivuti alisema.

"Hivyo vitu vingine tunavyo?" Mama aliuliza.

"Hatuna."

"Na bila hivyo, haiwezi kufungwa hata kidogo?"

Nilitazama uso wake. Alikuwa amechoka, na alikuwa na tumaini, na sijawahi kuwa na nguvu ya kumnyima Mama tumaini. Nikasema inaweza kufungwa, mradi isukume kidogo tu, na mimi niirudishe nyuma kidogo cheche ya plagi ili moto usiwahi. Gari lingepata nguvu kiasi, si miujiza.

"Basi utamfungia ndugu yako," Mama alisema. "Si ndiyo maana ulienda shule?"

Niliifunga Embu, kwenye gereji ya Ndambiri, fundi niliyekuwa nafanya kazi chini yake tangu nimalize chuo. Ndambiri ana miaka thelathini katika kazi hii na hajawahi kufungua kitabu cha gari. Aliniita Injinia. "Injinia, lete chai." "Injinia, osha hii gearbox." Nilikuwa nacheka pamoja na wengine kwa sababu sikujua ningefanya nini badala yake.

Ilinichukua Jumamosi mbili na Jumapili moja baada ya kanisa. Nilipima bomba la eksozi, nikalipeleka kwa mchomeleaji, nikalirudisha mara mbili kwa sababu lilikuwa linavuja. Nilivuta oili ya kupoza turbo kutoka kwenye njia ya presha, nikatoboa sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa uangalifu ili oili irudi, kisha nikaosha kila unga wa chuma uliobaki. Kuna fimbo ndogo kando ya turbo inayofungua mlango wa kupunguza presha. Niliiweka legevu, mlango ufunguke mapema. Halafu nikageuza distribyuta, kigawa cheche, nyuma kwa upana wa ukucha.

Nilipowasha na kukanyaga mafuta, turbo ilipiga mluzi mwembamba. Sitadanganya, nilifurahi. Kivuti aliniletea chipsi na soda, akanipiga begani. "Sista, we ni mnoma kumbe," alisema. Tangu utotoni hakuwa amewahi kunisifu kwa jambo lolote.

Mafundi wa pale kwetu wana desturi yao. Gari likitengenezwa injini, halikabidhiwi mwenyewe kabla halijapandishwa Kanja. Barabara ya kwenda huko inapanda kuelekea mlimani, kati ya mashamba ya chai, na gari lenye kasoro huionyesha kabla ya kufika juu. Ndambiri amehukumu mamia ya magari kwa njia hiyo. Likipanda Kanja, alikuwa akisema, linapanda popote.

Basi Jumatatu saa moja asubuhi tulienda, Ndambiri mbele na Kivuti, mimi nyuma na sanduku la spana. Kulikuwa na ukungu. Kivuti alikuwa amevaa jaketi na bado alikuwa anapuliza vidole. Corolla lilipanda vizuri kuliko lilivyowahi kupanda. Mimi niliridhika. Kivuti hakuridhika.

"Inapumua kama nyanya yangu," alilalamika. "Turbo gani hii?"

"Simamisha hapo," Ndambiri alisema.

Alifungua boneti kando ya barabara, akaniomba spana ya kumi, nami nikampa. Nilidhani anataka kukaza mahali palipolegea. Alikaza nati ya ile fimbo mizunguko mitatu. Kisha akairudisha distribyuta mbele, mahali ilipokuwa zamani, kwa kukisia.

"Fundi," nilisema, "hapo nilikuwa nimepapima."

"Ulipima na nini, Injinia? Na rula?"

Kivuti alicheka. Hata mwanamke aliyekuwa anauza maziwa pale karibu alicheka, ingawa hakujua tunazungumza nini.

"Hapa ni baridi," nilisema. "Kiritiri ni joto, na litakuwa na magunia. Hewa ya moto itafanya—"

"Hewa ni hewa," Ndambiri alisema. "Kivuti, endesha."

Safari hii gari liliruka. Lilitusukuma kwenye viti, na Kivuti akapiga kelele kama mtoto aliyepewa baiskeli. Injini haikugonga, haikutoa moshi, haikupata joto. Kwa Ndambiri kesi ilikuwa imekwisha. Nilijua kwamba baridi ya Kanja ndiyo ilikuwa inalificha kosa. Kwamba kwa gari jingine lolote kipimo chake kilikuwa cha haki, na kwa hili moja kilikuwa cha uongo. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nilikumbatia sanduku la spana hadi Embu.

Jioni hiyo nilimpigia Kivuti simu. "Irudishe ile nati mizunguko mitatu. Ni dakika mbili."

"Kesho," alisema.

Nilimpigia tena Jumatano. Nyuma yake nilisikia watu wakicheka na honi zikilia. "Nimekuwa wa kwanza leo, unasikia? Wa kwanza! Wacha uoga, Kawira." Mama naye alichukua simu, akaniambia Mungu anibariki. Nilitaka kumwambia. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kusikia akiongea bila kuhema, nikasema amina.

Ijumaa, saa saba mchana, Kivuti alipiga mwenyewe. Sauti ilikuwa nyingine. Walikuwa wamekwama kwenye mwinuko karibu na Gachoka.

Nilifika kwa bodaboda. Corolla lilikuwa kando ya barabara, boneti wazi, oili imeruka hadi kwenye kioo cha mbele. Jua lilikuwa kali hadi lami ilikuwa inanata. Mama alikuwa ameyashusha magunia kivulini mwa mgunga usio na majani ya kutosha, akiyanyunyizia maji ya kunywa kutoka kwenye chupa. Probox mbili zilikuwa zimesimama, si kwa kusaidia.

Nilifungua plagi. Ya tatu ilikuwa imeyeyuka ncha, na juu yake kulikuwa na chembe ndogo zinazong'aa kama unga wa fedha. Hizo zilikuwa pistoni.

"Imetoboka," nilisema. "Injini imekufa."

Mama alikaa juu ya gunia. Ndambiri alifika baada ya muda si mrefu, akiwa na pikapu na kamba ya kuvuta. Alichungulia, akatikisa kichwa kama daktari.

"Nani amefanya haya?" Mama aliuliza. Hakuwa anamuuliza mtu yeyote hasa.

"Ni Injinia wako, mama," Ndambiri alisema. "Mimi nilimpa tu nafasi ya gereji."

Nilimtazama Kivuti. Alikuwa anachambua jani la muguka, anatoa mshipa wake polepole, kana kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomleta pale.

"Mama, mimi nili—"

"Nyamaza, Kawira." Alisema mbele ya watu wote. "Mbuzi wangu wote niliuza usomee hii. Nyamaza tu."

Dereva mmoja wa Probox alicheka. "Mama, hiyo ni kazi ya wanaume! Ungempeleka asomee kushona!"

Saa nane ilipita tukiwa pale pale. Magunia yalibaki na sisi.

Kwa wiki saba Mama alikodi bodaboda zibebe majani, mafungu mawili mawili, na nusu ya shamba ikakomaa bila kuchumwa. Embu nzima ya mafundi ilijua kwamba msichana wa Ndambiri aliua gari la mama yake. Wateja waliona ninashika spana wakauliza, kwa upole, kama fundi mwenyewe yupo. Ndambiri akanirudisha kwenye kuosha vipuri. Sikumpinga.

Kisha akampatia Mama injini ya mtumba. Mama na Kivuti walikuja kuiona asubuhi ya Jumamosi. Kivuti aliuliza kama turbo inaweza kurudishwa.

"Inarudi," Ndambiri alisema. "Lakini hii nafunga mwenyewe."

"Afadhali," Mama alisema.

Mimi nilipewa kazi ya kuitoa turbo kwenye injini iliyokufa. Nilikuwa nimepiga magoti nikifungua nati ya mwisho Mama alipokuja na kikombe cha chai, akainama kando yangu. Wanaume walikuwa nje wakiikagua injini mpya. Niliweka spana chini.

"Mama, si mimi niliyeharibu," nilisema, na kwa mara ya kwanza sauti yangu haikushuka. "Niliifunga ikiwa legevu. Ndambiri aliikaza Kanja, Kivuti akiwepo. Niliwaambia. Nilimpigia Kivuti simu mara mbili."

"Najua," Mama alisema.

Nilidhani hakunielewa.

"Kivuti aliniambia siku ile ile gari lilipokufa. Alilia sana, huyo kijana."

"Uliyajua yote haya wiki saba?"

Alitazama mlangoni, akapunguza sauti. "Sasa ningefanya nini? Ndambiri nikimkosea, ni fundi gani mwingine atanipatia injini na aningojee malipo hadi nivune? Na Kivuti nikimwaibisha mbele ya watu, atatupa ufunguo aende zake Nairobi. Nani atabeba majani?" Alichukua ncha ya leso yake, akanifuta oili shavuni, taratibu, kama nilipokuwa mdogo. "Wewe ni tofauti. Wewe una moyo mzuri, Kawira. Wewe hubebi kinyongo."

Alinipa kikombe. Alikuwa ameweka sukari nyingi, vile ninavyopenda.

"Nabeba, Mama," nilisema.

Alikuwa ameshageuka, anamwita Kivuti aje anywe chai kabla haijapoa.