Nukta Tatu, Kosa Sifuri

Walisema binti yangu ameufuta mtaa kwa kidole. Niliyasikia kwenye foleni ya maji, kwa mwanamke aliyekuwa amenipa mgongo. Alipogeuka akaniona, aliinama kufunga kifuniko cha ndoo ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Maneno ya foleni huwa nayaacha palepale. Haya yalinifuata mpaka nyumbani, yakakaa nami nikipiga pasi nguo za watu, mpaka nikaunguza kola ya shati la mteja.

Wiki ile kuta zetu zilikuwa zimeshapigwa X nyekundu. Waliopaka rangi walitoka ofisi ya ardhi, wakasema nyumba zote za safu yetu zimo ndani ya hifadhi ya barabara. Tukawauliza barabara gani, maana mbele yetu kulikuwa na mtaro, na nyuma yetu choo cha jirani. Wakasema barabara ipo, ipo kwenye ramani.

Na kazi ya binti yangu ilikuwa ramani.

Jioni nilimngoja avue viatu ndipo nikamuuliza. Hakukasirika. Alikaa juu ya ndoo akaangalia miguu yake, nikajua kuna jambo.

Alikuwa kibarua katika chumba ambacho dirisha lake limepigwa misumari ili karatasi zisipeperuke. Ramani za zamani, zilizokunjwa na kuliwa na mende, zilipitishwa kwenye skana zikawa picha ndani ya kompyuta. Picha peke yake, aliniambia, haijui iko wapi duniani. Unatafuta kitu kilichochorwa kwenye karatasi na ambacho bado kipo chini, labda kona ya shule, tangi la maji, au jiwe la mpaka. Unabandika nukta juu yake, kisha unaiandikia namba za mahali kitu hicho kilipo kweli. Nukta zikitosha, picha inavutika na kulala juu ya ardhi kama shuka juu ya godoro. Hapo ndipo unachora juu yake mistari ya viwanja na barabara. Ukishachora, ofisi inaamini ulichochora. Karatasi inarudi stoo kwa mende wake.

Karatasi ya mtaa wetu ilikuwa na barabara pana iliyokusudiwa zamani na haikujengwa kamwe. Ilipita pale palipo sasa na maghala ya mtu tunayemwita Mwenye Malori. Ilikuwa pia na daraja. Daraja lile lilisombwa na maji nikiwa bado msichana, likajengwa jingine chini zaidi, upande wetu. Nguzo za lile la kwanza bado zimesimama mtoni, watu wanaanikia nguo.

Binti yangu aliifunga nukta ya daraja kwenye nguzo hizo. Mkuu wa kitengo chao, ambaye vibarua walimwita Tai kwa sababu hakuna aliyewahi kuiona shingo yake bila tai, akaja akasimama nyuma ya kiti. Akamwambia aihamishie kwenye daraja linalopitisha magari.

"Hilo silo la kwenye karatasi, mkuu. Lile zimebaki nguzo tu mtoni."

"Wewe unalipwa kuchora au kuogelea?"

Chumba kizima kilicheka. Mikataba yao yote ilikuwa mikononi mwa Tai, wangefanyaje.

Akainama juu ya bega lake, akakamata kipanya, akaisogeza nukta mwenyewe. Mara kwenye kioo namba za kosa zikavimba, kwa sababu shule ilikuwa inasema hapana, na jiwe la mpaka nalo linasema hapana. Tai hakuhangaika. Alizifuta nukta zilizobisha, moja baada ya nyingine, akaacha daraja na mbili za mbali kabisa. Kosa likawa sifuri. Programu ile, aliniambia binti yangu, ukiiachia nukta tatu haina tena cha kulinganisha, kwa hiyo inakuambia kila kitu ni sawa. Wote wafanyao kazi hiyo wanajua. Ni kesi ambayo mashahidi wamefukuzwa mlangoni.

"Umeona?" Tai alimwambia. "Sifuri. Sasa niletee mtu wa kubishana na sifuri."

Akahifadhi kazi, akaenda zake. Kompyuta ilikuwa imefunguliwa kwa jina la binti yangu. Wakubwa hawakuwa na jina la kuingilia, wao hutia sahihi tu. Kwa hiyo barabara ilihama kutoka kwenye maghala ikaja kulala juu ya vitanda vyetu, na chini yake pakaandikwa kwamba aliyechora ni mwanangu.

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema mkataba ulikuwa ukingoni, na alidhani ramani itakaa kabatini kama zilivyokaa nyingine zote. Hakujua kwamba mtu alikuwa anaisubiri.

Ofisi ikaita wenye malalamiko. Tulikwenda safu nzima, ila wenzangu walitembea upande wao wa njia na mimi upande wangu. Mama Pacha, aliyemnyonyesha binti yangu pamoja na mapacha wake mwenyewe nilipolazwa hospitali, alinipita kama anapita nguzo ya umeme.

Ukumbini ramani ilimulikwa ukutani, kubwa, rangi nzuri, hata ulipo mwembe wa jirani palionekana. Barabara ilikuwa mistari miwili myekundu. Ilipita juu ya mapaa yetu bila kusita. Tai alitukaribisha kwa heshima zote, mama zangu, baba zangu, shikamooni wote. Akasema ofisi haina ugomvi na mtu. Mashine imepima na mashine haina ndugu. Kisha akaomba tusome wenyewe kilichoandikwa pembeni. Mwenyekiti wetu wa mtaa, mzee asiyeona vizuri, akasogea karibu na ukuta akasoma kwa sauti: kosa, sifuri. Akasoma na jina. Watu wote wakageuza shingo kunitazama.

"Mimi sichori, wazazi wangu," Tai alisema. "Anachora mtoto wenu huyu. Binti, njoo uwaoneshe wakubwa zako ulivyofanya. Usione haya."

Mwanangu alikwenda akaketi mezani. Niliona mabega yake yakipanda, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo akitaka kumeza dawa chungu. Hakuonesha alivyofanya. Alizirudisha nukta zilizofutwa, shule, jiwe, tangi. Akaliondoa daraja la magari, akaipeleka nukta mtoni kwenye nguzo. Picha ikajikunyata, ikavutika. Mistari myekundu ikatuacha. Iliteleza ukutani mbele ya macho yetu, ikavuka mto na mtaro, ikaenda kulala katikati ya maghala ya Mwenye Malori.

Mtu mmoja nyuma alianza kupiga makofi, akaacha.

Tai hakupandisha sauti. Alikuwa kama mwalimu ambaye mwanafunzi amempa jibu alilolitaka.

"Mmeona kwa macho yenu, wazazi. Dakika hii barabara iko huku, dakika hii iko kule. Na mkono ni wa nani?"

Mama Pacha akasimama. "Kumbe ni kweli. Wewe mtoto, sisi tumekukosea nini?"

"Mama, hapa ndipo mahali pake pa kweli. Ile ya kwanza ndiyo..."

"Nani kakulipa?"

Nikasimama mimi. Nikawaambia watazame ukuta, waache kumtazama mtoto, watazame barabara imekwenda kulalia mali ya nani. Nilikuwa napiga kelele, najua. Tai akanisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Uchungu wa mzazi huo," akawaambia. "Mpeni mama maji."

Wakaniletea maji. Askari wawili walikuwa wameshaingia kwa mlango wa nyuma. Hawakuitwa na mtu, walikuwepo tangu asubuhi, na mmoja alikuwa anamalizia kutafuna kitu. Walisema kuchezea ramani ya ofisi hadharani ni kosa la jinai na kwamba wanahitaji mashahidi. Watu wa mtaa wangu walipanga mstari wenyewe kuandikisha majina. Waliamini kwamba akiondoka yeye, X zitaondoka. Mama Pacha ndiye aliyekuwa mbele. Mwanangu wakaondoka naye.

Baadaye mwenyekiti alirudi ofisini kuuliza: sasa kwa kuwa sote tumeiona barabara ilipo, mnaonaje? Akajibiwa kwa upole kwamba ile tuliyoiona ni kielelezo cha kesi, imefungiwa, haifunguliwi mpaka hukumu. Iliyoidhinishwa ni ile ya kwanza. Ile haina kosa.

Tingatinga liliingia asubuhi watu wakinywa chai. Lilianzia kwangu kwa kuwa mimi ni wa mwanzo wa safu. Niliokoa pasi, meza na nguo za wateja, maana hizo ningedaiwa. Lilipofika kwa Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni mikono ameitanua, anamwambia dereva kwamba yeye ni shahidi wa serikali. Aliyarudia maneno hayo mara nyingi. Dereva alizima mashine, akashuka, akamshika mkono vizuri kabisa, akamwongoza mpaka upande wa pili wa mtaro. Kisha akapanda akaiwasha.

Kesi haijasikilizwa. Kila tukifika mahakamani wanasema mashahidi hawakupatikana, hawajulikani walipo. Ni kweli, hawajulikani. Wengine wako kwa ndugu, wengine sijui. Mashahidi wasipopatikana kesi haisikilizwi, isiposikilizwa kielelezo hakifunguliwi, na maghala yako palepale, malori yanaingia na kutoka. Dhamana wanataka mtu mwenye nyumba.

Kama una mtoto kwenye kazi hizi, haya ni ya kuepuka:

Asimwachie mkubwa kipanya wakati kompyuta iko kwa jina lake. Aseme anaumwa tumbo, afunge, atoke.

Asikubali nukta tatu. Akioneshwa sifuri aulize zilizofutwa ni zipi.

Asisahihishe kitu mbele ya watu.

Asikae kimya akidhani kabati litamsaidia.

Wewe usiandikishe jina kwa askari kabla hujajua utamshuhudia nani.

Usinywe maji yao.

Usigombane na dereva wa tingatinga. Yeye hana ramani.

Usipeleke mahabusu sabuni ya unga, wanaimwaga yote mezani wakitafuta kitu. Peleka ya mche, na uwe umeshaikata vipande, waone ndani hamna kitu.