Gari la Betri la Mama Ndeti

Mwaka uliofuata Uhuru, Wazungu kadhaa wa Diani waliuza mashamba yao wakarudi kwao. Mmoja wao alikuwa mzee ambaye watu walimwita Bwana Taa, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza upande ule kuwaka taa za umeme. Syovata, aliyejulikana zaidi kwa jina la Mama Ndeti, alikuwa mpishi wake kwa miaka mingi. Mke wa Bwana Taa alipougua, Syovata ndiye aliyemwogesha na kumlisha mpaka alipofariki.

Siku chache kabla ya kuondoka, mzee yule alimwita bandani, akafunua turubai, na chini yake palikuwa na gari dogo jeupe lenye sanduku refu nyuma. Syovata alilijua vizuri. Bwana Taa alikuwa akilitumia kuzungukia minazi yake, na alikuwa amemfundisha kuliendesha ili ampelekee chakula shambani.

"Hili nakuachia wewe," akasema. "Kwetu magari ya namna hii hupeleka chupa za maziwa majumbani. Halihitaji petroli, linahitaji umeme tu. Litunze nalo litakutunza."

Syovata alimshika mkono mzee yule kwa mikono yake miwili, akasema ahsante, kisha akaenda jikoni kulia.

Mumewe, Maweu, hakulia. Yeye alikuwa na shamba alilopewa katika mpango wa makazi wa serikali kule juu Shimba Hills, na aliposikia kwamba mkewe amepewa gari, usiku kucha aliota machungwa yake yakishuka kwenda sokoni. Asubuhi walilijaribu. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, lakini lilipofika mwinuko wa kwanza likapunguza mwendo, likapumua, likasimama. Maweu akashuka akaliangalia mbele na nyuma.

"Mama Ndeti," akasema, "gari gani hili linalochoka kabla ya mwenyewe?"

"Litafanya kazi ya chini," Syovata akajibu. "Si lazima kila kitu kipande mlima."

Kazi ya chini aliyokuwa akiifikiria ilikuwa mikate. Alijenga tanuri nyuma ya nyumba yao Ukunda, akawa anaoka alfajiri na kuipeleka mikate madukani, hotelini, na katika vijiji vya kusini mpaka kando ya maji yanayotazamana na kisiwa cha Chale. Shida ilikuwa umeme. Jenereta ya Bwana Taa ilikuwa imeuzwa, na Ukunda nzima haikuwa na waya hata mmoja. Akaenda kwenye hoteli moja ya Diani kumwona Fondo, fundi aliyesimamia mitambo ya pale.

"Shikamoo kaka Fondo."

"Marahaba, Mama Ndeti. Nimesikia una gari linalokula moto wa taa."

"Ndilo lililonileta. Nakuomba ulilishe jioni, nami nitakuletea mkate wa kwanza kutoka tanurini kila siku."

Fondo alizungumza na meneja wake, na meneja, ambaye naye aliupenda mkate ule, akakubali. Tangu hapo gari lililala hotelini, na Syovata alitembea kwenda kulichukua kabla jua halijatoka. Lilikuwa na adha zake. Chumvi ya bahari ilitafuna vyuma vya betri, ikambidi Fondo awe akivisugua kila mara. Na ilimpasa Syovata ahesabu kichwani njia ya kwenda na ya kurudi kabla ya kuahidi mkate kwa mtu yeyote, kwa maana likiishiwa njiani hakuna dumu la kuazima.

Adha kubwa kuliko zote ilikuwa ukimya wake. Watu walikuwa wamezoea kusikia gari kutoka mbali. Hili lilitokea tu. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi kutoka msikitini aligeuka akalikuta kiunoni mwake, akaruka mtaroni na kanzu yake nyeupe. Ikaenea habari kwamba Mama Ndeti anaendesha gari la jini, na baadhi ya akina mama wakaacha kununua mikate yake. Syovata alimwendea mzee yule kwa miguu, akamwomba radhi, akamfulia kanzu. Kisha akatundika mbele ya gari kengele ya ng'ombe kutoka shambani kwa Maweu. Watu walicheka sana, lakini wateja walirudi mmoja mmoja.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, alipokuwa katika kijiji cha Mwabungo akiwagawia watu mikate, alisikia ukelele kutoka upande wa minazini. Mkwezi mmoja aitwaye Dzombo, aliyekuwa akiangua nazi, alikuwa ameanguka kutoka juu. Syovata aliwakuta watu wamemzunguka. Alikuwa amelala chali, macho wazi, uso umejaa jasho. Mkewe, Mbodze, alikuwa amepiga magoti kichwani pake, akimpangusa kwa ncha ya leso.

Baya, dresa aliyefunga vidonda katika zahanati ya karibu, alikuwa amekwisha kufika. Alizigusa nyayo za Dzombo kwa kijiti.

"Unahisi?"

"Nahisi. Kidogo."

Baya akasimama, akawavuta watu pembeni. "Mgongo umeumia, lakini haujakatika. Inatakikana afike hospitali ya Msambweni leo. Akitikiswa, miguu hiyo ataipoteza."

Lori la kubeba miwa lilikuwa limesimama barabarani, na dereva wake, Jefwa, alikuwa radhi kumchukua. Baya alilitazama lile lori, lililokuwa likitetema peke yake hata pale liliposimama, akatikisa kichwa. Ndipo Syovata akasema, "Langu lilitengenezwa kubeba chupa zisivunjike."

Hakuna aliyecheka. Walishusha mikate, wakang'oa mlango wa banda la nazi, wakamtelezesha Dzombo juu yake polepole na kumfunga kwa vitambaa ili asicheze. Sanduku la gari lilimtosha barabara. Baya aliingia nyuma akamshika kichwa, Mbodze akaketi mbele.

Kabla ya kuondoka, Syovata alimwambia Mbodze ukweli. "Dada, betri hizi hazijawahi kufika Msambweni. Sijui zitatufikisha wapi."

"Zitufikishe zinapoweza," Mbodze akasema. "Baada ya hapo Mungu ana njia yake."

Gari lilikwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na Syovata alilipitisha kando ya kila shimo kama anayebeba sufuria ya uji wa moto. Kwa sababu gari halikuwa na mngurumo, aliweza kumsikia Dzombo akipumua, na mara kwa mara Baya akimwuliza kama angali anahisi vidole. "Nahisi," Dzombo alijibu, na kila alipojibu Mbodze alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo.

Walipita Gazi. Baada ya hapo Syovata akahisi gari likilegea chini ya mguu wake. Likaenda, likaenda, kisha likasimama katikati ya njia.

Jefwa alikuwa akiwafuata kwa mbali na lori lake. Alishuka na kamba, wakafunga gari nyuma ya lori ili alivute. Lakini lori lilipoondoka, kamba ilikaza kwa kishindo, na Dzombo akapiga ukelele ambao Syovata hakuusahau maisha yake. Baya akapaza sauti wasimame. Jefwa alifungua kamba.

"Nitatangulia hospitali," akasema. "Nitawaambia mnakuja."

Akaondoka. Syovata akashuka, akaweka mabega yake nyuma ya sanduku, akaanza kusukuma. Mbodze akaja upande wa pili. Gari likasogea. Watu waliokuwa wakipalilia mihogo waliwaona wanawake wawili wakisukuma gari, wakaja kuuliza, na walipomwona aliyelala ndani waliacha majembe yao papo hapo. Mwanamume mmoja alimwambia Syovata, "Mama, wewe shika usukani. Hii kazi tuachie sisi."

Wakasukuma mpaka kijiji kilichofuata, na huko wengine wakawapokea. Ikawa hivyo njia nzima. Kila kijiji kiliwatoa watu wake, wakasukuma kwa mwendo mmoja bila kelele, kwa kuwa Baya aliwaomba wasiimbe wala wasikurupuke, kisha wakawakabidhi wenzao na kurudi walikotoka. Wengi wao Syovata hakupata hata kujua majina yao. Alikuwa ameshika usukani machozi yakimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Mchana wakaliona lori la Jefwa likirudi. Alikuwa amemleta nesi wa Kikristo kutoka bara, aitwaye Rispah, mwenye sindano ya kutuliza maumivu. Rispah alimdunga Dzombo pale pale njiani, akajiunga na wasukumaji. Walipoingia uwanja wa hospitali, machela ilikuwa tayari ikiwangoja.

Dzombo alilazwa kwa miezi. Daktari aliwaambia kwamba aliyewaza kumleta taratibu ndiye aliyeiokoa miguu yake. Alitoka akitembea na mkongojo, lakini akitembea.

Jefwa alilivuta gari tupu mpaka Ukunda, lakini betri, zilizokuwa zimekauka kabisa siku ile, hazikupona. Fondo alizilisha umeme kila jioni, nazo zilirudisha nguvu kidogo tu, ya kutoka Ukunda hadi ufukweni na kurudi. Betri mpya zilipatikana Ulaya pekee. Syovata alinunua baiskeli yenye kikapu kwa ajili ya vijiji vya kusini, na safari yake ya kwanza kwayo ilikuwa kwenda kuwashukuru waliomsukumia gari. Alipeleka mikate kijiji kwa kijiji. Kila mahali walimjibu kwamba ni yeye anayestahili shukrani, na wengine wakampa mihogo, hata baiskeli ikarudi nzito kuliko ilivyokwenda.

Maweu alimkuta jioni akishusha mihogo ile. "Umehuzunika juu ya gari?" akamwuliza.

"Kidogo," Syovata akasema. "Lakini nashukuru kwamba lilikuwa letu siku ile."

Maweu akachukua mfuko wa mihogo akauingiza ndani. Tangu hapo hakulisema tena vibaya.

Dzombo hakuweza kukwea tena. Alipokwisha kupata nguvu alikuja Ukunda na Mbodze, akaketi juu ya kigoda mbele ya beseni la unga. Mikono yake ilikuwa bado ya mkwezi, mipana na migumu.

"Nifundishe kukanda, Mama Ndeti," akasema.

Syovata akamimina maji ya vuguvugu katikati ya unga, akamwonyesha pa kuanzia.