Hatamu Isiyo na Farasi

"Sasa hatamu atashika nani?" jirani yangu aliniuliza wiki ile tuliyomzika mume wangu.

Alikuwa amekalia kigoda changu cha kazini, kikombe cha chai mkononi. Alimaanisha nyumba: nani atakuwa mwenye kauli. Lakini mimi, akili yangu ikiwa bado makaburini, niligeuka nikatazama ukuta ulio karibu na mlango, nikamjibu, "Msumari."

Alinitazama kwa huruma. Jioni nikasikia ameshawaambia watu kwamba mama fundi ameanza kuchanganyikiwa.

Hatamu wengi wanaijua kwenye hotuba tu. Sisi tulikuwa tunazishona, za farasi wa kweli, wa shule ya kufundisha kupanda na wa uwanja wa mashindano. Kuna mikanda ya kichwani inayopita nyuma ya masikio na kushuka mashavuni. Kuna lijamu, kile chuma kinacholala juu ya ulimi. Halafu ndiyo ile mikanda mirefu inayokwenda mkononi mwa mpandaji. Hiyo mirefu lazima uivute sana kabla ya kuishona, la sivyo itarefuka ikishatumika. Miaka ishirini na sita upande mmoja nilishika mimi, upande wa pili akashika yeye, tunavutana chumbani kama watoto, naye akinichekesha makusudi ili niachie. Siku ya tatu baada ya maziko kulikuwa na kazi ya watu iliyoahidiwa. Nikapigilia msumari ukutani, nikafunga ngozi, nikavuta peke yangu. Msumari hauchoki, ila haucheki.

Hatukujaliwa watoto. Nilibaki na benchi, dirisha la mbele lenye mwanga mzuri, na Mungu wangu, ambaye nilikuwa nazungumza naye kila nikipaka uzi nta.

Mwaka haujaisha, akaja mdogo wake marehemu. Ukoo mzima unamwita Mheshimiwa. Ni karani wa bohari tu, lakini huyo hata akikuomba chumvi mezani ataanza na "kwanza kabisa napenda". Akasimama katikati ya chumba akitazama kuta, si mimi.

"Kwanza kabisa, shemeji, napenda kukupongeza kwa uvumilivu. Pili, familia imeona ni vizuri mimi nishike hatamu za hii karakana."

"Haya," nikasema.

"Hakuna kitakachobadilika. Wewe utashona kama kawaida. Ila huku mbele tutampangisha muuza simu, na benchi lako tutalihamishia uani, kando ya tangi la maji."

"Uani pale pameezekwa, ni giza, shemeji."

"Tutaweka taa."

"Haya."

Hilo ndilo lilikuwa neno langu. Nilipokuwa mdogo nilifundishwa kwamba mwanamke mcha Mungu huuchunga ulimi wake, na mimi niliuchunga mpaka ukasahau njia. Kazi ya ngozi ni ya mchana, inataka macho. Taa inakudanganya, tundu linakwenda pembeni. Bila dirisha lile ningekuwa mshona viraka ndani ya miezi sita. Yote hayo niliyajua, nikasema haya.

"Na Jumamosi familia tukikutana hapa," akaendelea, uso umemng'aa, "ningependa unikabidhi hatamu. Hatamu yenyewe, ya ngozi! Unaona ilivyokaa? Watu wapige picha."

"Ya farasi yupi?"

"Farasi gani tena?"

"Nahitaji kipimo. Siwezi kukata ngozi bila kichwa."

Akacheka mpaka akashika meza. "Shemeji bwana! Hakuna farasi. Wewe kata tu."

Alipoondoka nikakaa na ile ngozi siku nzima bila kuigusa. Marehemu alikuwa akiniambia kila hatamu ina mwenyewe. Ikibana inachubua, ikilegea chuma kinagonga meno. Alikuwa pia akiwakaripia vijana wa shule ya farasi: mkono unaovuta kila saa unakiua kinywa. Mwishowe farasi hasikii kitu, anakwenda tu.

Asubuhi ya pili baada ya sala nilichukua utepe. Nikajaribu kupima ndoo, nikajaribu kichwa cha kiti. Nikajicheka mwenyewe, kicheko kikarudi kutoka ukutani kama cha mgeni. Ndipo nikauzungusha utepe kichwani kwangu. Kona ya mdomo, shavu, nyuma ya sikio, utosi, hadi kona ya pili. Nikaandika. Namwambia Mungu na namwambia msomaji, sikuwa nimepanga ubaya wowote. Nilihitaji kichwa, na ndani ya nyumba kilikuwepo kimoja.

Sandukuni palikuwa na lijamu nyembamba ya farasi mfupi wa kufundishia watoto. Niliiosha, nikaiweka mdomoni nijue upana wake. Chuma kilikuwa baridi, kina ladha ya sarafu. Nikajaribu kusema sala yangu, ikatoka sauti ya mtu aliyefungiwa chumba cha mbali. Haikuuma hata kidogo. Kilichonitisha ni jinsi ulimi ulivyoizoea upesi.

Nikaitoa, nikaifuta, nikashona kazi safi kuliko zote nilizowahi kushona.

Jumamosi walikuja watu saba. Shangazi yake marehemu, mwanamke anayesema lolote linalomjia, alipewa kiti cha mbele. Soda zikafunguliwa. Mheshimiwa alikuwa amevaa koti. Alizungumza kuhusu maono, kuhusu usimamizi, kuhusu dereva na abiria, mpaka shangazi akasema, "Mwanangu, fika stendi basi, tushuke."

Watu wakacheka. Mheshimiwa akaninyooshea mikono miwili, nikamkabidhi. Akashika ile mikanda mirefu, akaiinua juu apigwe picha, ule upande wa kichwani ukining'inia mbele yake.

"Mbona kichwa kidogo?" shangazi akauliza. "Farasi gani huyo? Au ni ya mbuzi?"

Kicheko kikarudi. Mheshimiwa akaigeuzageuza. "Shemeji, umekosea vipimo? Wewe?"

Hapo ningeweza kusema haya, nimekosea, nisameheni. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Nikaisikia tena ile ladha ya sarafu.

"Sijakosea," nikasema. "Uliniambia farasi hakuna, nikate tu. Nikampima aliyekuwepo."

"Nani?"

Niliichukua mikanda ya kichwani kutoka mikononi mwake, nikaivaa. Ikapita nyuma ya masikio yangu, ikatulia mashavuni bila kubana wala kulegea. Chuma kikanigusa midomo, sikukifungulia. Ile mikanda mirefu bado alikuwa ameishika yeye.

Mwenye simu ya kupiga picha aliishusha.

"Vua hiyo, mwanangu," shangazi akasema taratibu. Halafu, nilipokwisha kuvua, "Na wewe unasemaje? Maana tumeitwa hapa tusikie, na mwaka mzima sijakusikia ukisema kitu."

"Benchi halihami," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, nikakohoa, nikarudia. "Benchi langu halihami, shangazi. Na dirisha ni la kazi. Kama shemeji anataka kunisaidia, aje ashike upande wa pili tukivuta ngozi. Pale pana msumari tu."

Shangazi akamgeukia Mheshimiwa. "Umesikia?"

"Kwanza kabisa," alianza.

"Kwanza kabisa nini?"

Akaitazama ile mikanda mkononi kana kwamba mtu amempa amshikie. Nilikuwa sijawahi kumwona akitafuta neno akalikosa. Moyo ulinilainika, nikataka kumwambia akae, amalize soda yake, maana ukimtazama kwa nyuma, mabega yale, shingo ile, ni marehemu kabisa, na nyumbani kwangu hakuna mwingine mwenye mabega hayo.

Akaviringisha mikanda vizuri, duara juu ya duara, kama alivyokuwa akiviringisha kaka yake, akaiweka juu ya benchi, dirishani. Akafunga kifungo cha koti, akapita mbele ya shangazi, mbele yangu, mbele ya msumari, akatoka.