Ufito wa Baba Mkwe

Asubuhi ile nililinyunyizia trekta maziwa ya baraka, kama ilivyo desturi yetu, kijiko kimoja kwa kila gurudumu, ila lile la nyuma kushoto nikalinyima. Lilipasuka wiki iliyopita likatupotezea siku mbili za jua, na mimi si mtu wa kusahau. Mume wangu Damba aliniona.

"Horloo, sasa umelinunia gurudumu?"

"Wewe washa. Muda unakwenda."

Likakohoa mara nane, ya tisa likawaka. Maji yakaanza kuchuruzika kwenye rejeta pale tulipoziba kwa mafuta ya kondoo, tukaondoka hivyo hivyo na mashine ya kukatia majani ikiburutwa nyuma. Redio ilisema mvua siku ya nne. Majani yaliyokatwa yanataka siku tatu za jua kabla ya kurundikwa, kwa hiyo hesabu hata mbuzi angeiweza: yasiyokatwa leo yamekwenda.

Tulihitaji marundo mawili. Moja la ng'ombe na kondoo, hilo lilikuwa tayari. La pili lilikuwa la Mwekundu, farasi wetu mzee. Ana miaka ishirini na mitatu na meno ya nyuma yamekwisha. Hutafuna, hutafuna, kisha hutema donge la majani mabichi miguuni pako. Theluji ikishaanguka hawezi kuchimba akala kama wenzake. Damba alikuwa ameshasema, tena bila ukali: "Tusipopata rundo la pili, tumchinje mwezi wa kumi na moja, pamoja na wanyama wa nyama ya akiba ya majira ya baridi. Kumwacha afe njaa ni ukatili." Alisema kweli. Lakini farasi yule alinirudisha nyumbani kwenye tufani ya theluji siku ambayo sikuuona hata mkono wangu mwenyewe, mimi na mimba ya miezi saba. Nampenda. Basi, nimesema.

Tulikata mistari sita. Wa saba, trekta likaruka, nyuma kukasikika *pwaa!* na vile visu vikanyamaza. Nikakimbia. Mashine ilikuwa imepanda kichuguu cha marmoti, wale wanyama kama panya wakubwa wachimbao mashimo, kikubwa hivi, cha kuonekana na kipofu. Ule mkono wa mbao unaosukuma visu ulikuwa vipande viwili.

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

Damba akajikuna shingo. "Mlimani. Nilikuwa nahesabu farasi."

"Kwani wamepotea?"

"Hapana. Wote wapo."

"Hongera sana!"

Ndivyo walivyo wanaume wa huku wote. Mwekee farasi kwenye upeo wa macho, hata awe anazikwa atainua kichwa ahesabu. Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto.

Damba akang'oa ubao wa kitanda chetu, akauchonga, akaufunga. Ukavunjika kabla mashine haijafika hatua kumi. Akachukua mti mmoja wa paa la hema. Huo ukapasuka kama njiti. Miti ya kwetu ni ya kununua, bondeni hakuna hata mmoja wa kukata, na mkono ule unataka mti mgumu uliokauka miaka mingi. Mimi nilikuwa nakwenda na kurudi, nakwenda na kurudi, nikiokota nati, nikiangusha nati, nikilitukana jua kwa kukimbia.

Saa saba mchana akaja jirani yetu Chimid na pikipiki yake. Huyo akisikia mtu ameharibikiwa, hakosi.

"Dada Horloo! Kaka Damba! Mnakata majani au mnayapigia magoti?"

"Una mkono wa mashine wa akiba?" nikamuuliza.

"Sina. Kesho kutwa naenda mjini, nitawaletea."

"Kesho kutwa ni bure."

Akamtazama Mwekundu, aliyesimama kivulini akipiga nzi kwa mkia. "Mzee huyu bado mnene. Mkishindwa niiteni, nitakuja na kisu changu. Kufa kufaana!"

Alikuwa anatania, najua. Lakini nilimwambia aondoke kabla sijamtia spana mdomoni, akaondoka akicheka.

Nikarudi hemani kunywa chai, nikaiacha kwenye kikombe. Nikatoka nje. Pale ubavuni mwa hema ulikuwa umeegemezwa ufito wa kunasia farasi kwa kitanzi, ule wa marehemu baba mkwe. Mrefu kumshinda mtu mara tatu, umekaushwa kwa miaka thelathini, mgumu, umeng'arishwa na viganja. Ufito kama huo huuruki, huukanyagi, hata kivuli chako unakiangalia kisiuangukie. Kuukata? Hakuna mtu niliyepata kusikia amefanya hivyo. Nikachukua msumeno.

Damba aliniona kutoka bondeni akaja mbio, na yeye hakimbii.

"Wewe mwanamke! Weka chini!"

"Una mti mwingine?"

"Ni mkosi, Horloo! Baba alimnasa Mwekundu kwa ufito huo huo, akiwa bado mwanafarasi wa miaka miwili!"

"Basi na amnase tena. Mara hii asiangukie sufuriani."

Kisha akanigeuzia mgongo, akakaa hivyo muda wote nilipokuwa nakata lile shina nene. Nilipomaliza nikamwekea kipande miguuni. Akakitazama sana. Akakiokota, akakitoboa, akakifunga kwenye mashine.

Na mkono ule ukakaza! Mstari hadi mstari, majani yakilala chini, mimi nyuma na reki nikiogopa kupumua. Ilipobaki mistari minne, jua likiwa limekaribia mlima, nikaisikia tena ile sauti. *Pwaa.*

Safari hii hakukuwa na kichuguu wala hesabu ya farasi. Mti ulikuwa umechoka tu. Nikakaa chini palepale nikalia kwa sauti kama mtoto. Mistari minne ile ndiyo ilikuwa mwezi wa pili na wa tatu wa Mwekundu, na farasi wazee hufa miezi hiyo.

Damba akashuka, akaenda hemani. Alirudi na sehemu ya ufito iliyobaki, ile nyembamba. Akapiga goti, akaugusisha kwenye paji la uso wake, akafumba macho kidogo. Halafu akachukua msumeno, akaukata yeye mwenyewe, vipande viwili sawasawa, avipachike pamoja vipate unene.

"Shika hapa. Kaza waya. Usitikisike."

Nikakaza mpaka vidole vikavuja damu.

Tulimaliza mstari wa mwisho mwanga ukiwa bado unatosha kuonana nyuso. Mwekundu akaja taratibu, akachota majani mapya, akatafuna, akatema donge juu ya kiatu cha Damba. Damba akalitazama donge lile.

"Kesho nitakwenda kwa Chimid kuazima ufito wa kunasia farasi," akasema.

"Atatucheka mwaka mzima."

"Acheke." Akakung'uta kiatu. "Na haya ya Mwekundu uyakatekate mafupi. Meno hayo hayawezi marefu."