Kopi Tatu na Bolti Kumi na Nne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi fundi Lise Mwenze alianzia puani mwa bawa, kama kila siku ya safari. Bawa lilikuwa limetandazwa kwenye nyasi kando ya reli, nyuma ya depo ya Kamina: kitambaa cha rangi ya chungwa, mabomba ya alumini, nyaya, na bolti kumi na nne. Aliigonga ya kwanza kwa nyundo ndogo, akatega sikio, akaenda ya pili. Marehemu baba yake alipima magurudumu ya mabehewa namna hiyo kwa miaka thelathini, na Lise hakuona sababu ya kubadili. Bolti iliyokaza hulia. Iliyolegea hukohoa tu.

Bawa lenyewe halina injini. Rubani huning'inia chini yake kwa mikanda, kiberenge hulivuta kwa kamba kikikimbia relini hadi linyanyuke, kisha kamba huachiwa. Treni ikikwama stesheni ya Luena, bawa ndilo hupeleka hospitali ya Malemba-Nkulu dawa ya sumu ya nyoka. Rubani ni Hénoch, mume wa Lise, ambaye zamani aliunganisha mabehewa.

Bolti zote kumi na nne zililia. Lise akainua mkono kuelekea dirisha la ofisi. Ndani, mkuu wa depo, Bwana Mwanza, akaipigia muhuri fomu ya ukaguzi: kopi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye nyasi, kila nati ikajizungusha nusu duara, mara tatu.

"Zimefunguka tena," akasema Hénoch, huku akifunga kofia yake.

"Minyi naona," akajibu Lise.

Sababu ilijulikana depo nzima. Fomu ilisema: mimi mwenye sahihi hii nimezikagua bolti zote kwa mikono yangu. Bwana Mwanza hakuwahi kuzigusa hata moja, na kila muhuri uliposhuka, nati zilirudi nyuma. Lise akizikaza upya, fomu inakuwa batili, kwa kuwa kanuni inataka bolti iliyoguswa na spana ikaguliwe tena. Basi inaletwa fomu nyingine, kopi tatu. Jérémy, dereva wa kiberenge, alishazoea. Alizima injini, akafungua chikwangue yake, mkate wa mihogo uliofungwa kwa majani, akala.

Mwezi uliopita Hénoch alichoka kusubiri, akaruka hivyo hivyo. Bolti kuu, ile inayobeba mikanda yake, ilichomoka juu ya shamba la mihogo, naye akateremka akiwa ameng'ang'ania bomba kwa mikono miwili, akavunjika mbavu mbili. Bwana Mwanza alimpelekea mkate na sukari, maana si mtu mbaya. Kisha akasaini ripoti kwamba bolti ilikaguliwa, na kitanda alicholalia Hénoch kikaachia miguu yote minne kwa mpigo.

Baada ya fomu ya tano Lise aliingia ofisini bila kubisha.

"Chef, toka dakika kumi tu. Uguse bolti, urudie, njo upige kashe. Zitabakia zimekaza."

"Mama Lise, kashe haitokake mu ofisi," akasema Bwana Mwanza, mkono juu ya muhuri.

"Acha kashe. Kuya weye," akasema Lise, akimwashiria atoke.

"Niiache na nani?"

"Na minyi."

"Kashe haiachiwake muntu, Mama."

"Basi andika kama haukuziangalia."

Bwana Mwanza aliigeuza fomu, akampa aisome mwenyewe. "Nafasi ya kuandika ile iko wapi?"

Haikuwapo. Lise akatoka, akaichomoa bolti kuu, akaipeleka ofisini na kuiweka mezani. Bwana Mwanza akavaa miwani, akaigusa huku na huku. "Hii iko muzuri sana," akasema, akapiga muhuri mara tatu. Bolti ilitulia mezani. Huko nje zile nyingine kumi na tatu zilichomoka zote, na Hénoch na Jérémy walipiga magoti hadi saa nne wakizitafuta kwenye nyasi.

Saa nne na robo simu ililia. Alikuwa Lydie, muuguzi wa Malemba-Nkulu. Mama mmoja aliumwa na nyoka jana akichimba mihogo, mguu umevimba mpaka pajani, na dawa iko wapi? Machozi ya hasira yalimtoka Lise. Hakuwa na huzuni hata kidogo, alitaka tu kumtupia mtu spana.

Hakumtupia mtu. Alikaza bolti zote, akaifunga spana kwenye kifundo cha mkono kwa kamba, akafunga mikanda mingine kando ya ile ya mumewe.

"Mama Jérôme, unaenda wapi?" akauliza Hénoch, kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Kule unaenda."

Bwana Mwanza akapiga muhuri, Jérémy akawasha kiberenge, bawa likanyanyuka. Nati zilipoanza kuzunguka, Lise alizirudisha moja moja. Zile za mbali alizifikia kwa kutambaa juu ya bomba la kati. Mchana Bwana Mwanza alianza kusaini fomu za wiki ijayo ili asichelewe, na kazi ikawa nzito. Mvuvi mmoja kwenye mto Lualaba aliwapungia mkono. Walifika saa tisa. Mama aliyeumwa alichomwa sindano, na baada ya siku nne alirudi shambani.

Jumatatu Bwana Mwanza aliwapongeza kutoka dirishani. Alikubali kwamba mpango wa watu wawili ni mzuri, na uendelee. Lakini kanuni haimruhusu fundi kuruka, kwa hiyo, ili Lise asipate matatizo, ameongeza kopi ya nne, inayothibitisha kwamba wakati wote wa safari fundi yuko chini, depo.

Lise aliisoma mara mbili. Kisha akaenda sokoni kununua spana ya pili.

Safari iliyofuata ilikuwa Alhamisi. Walikuwa juu ya mto kopi ya nne ilipopigwa muhuri Kamina, na safari hii kilicholegea ni kifungo cha mkanda wa Lise mwenyewe. Lise akakibana kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akaendelea kukaza bolti inayobeba mikanda ya mume wake.